Hela ya Oili

Desemba ile shemeji, kaka wa mke wangu, alinikabidhi funguo za gari lake na shilingi laki mbili. Gari la kwendea msibani Njombe, hela ya kubadilisha oili ya giaboksi kabla hatujaondoka. Nusu ya hela ilikwenda kwenye mchele wa msiba, na ningeweza kuishia hapo nikaonekana mtu wa watu. Nusu nyingine nilinunua viatu.

Fundi wake, mzee mmoja wa gereji ya chini ya mwembe huku Kimara, alikuwa ameshaniambia. Alichomoa stiki injini ikiunguruma, akaifutia kwenye kitambaa cheupe: wekundu ulikuwa umeanza kufifia. "Na mzigo, hii Kitonga haiiwezi, mwanangu." Nikamwambia nitarudi kesho asubuhi. Alfajiri ya kesho tulikuwa tumeshaipita Chalinze.

Gari la viti saba tulijaa tisa. Mchele nyuma, magodoro kwenye keria, na Ruaha Mbuyuni, kwenye lile joto la mibuyu, tukaongeza gunia la vitunguu. Kisha mlima wenyewe, Kitonga. Mbele yetu lori limebeba kontena, linatambaa mwendo wa mtu anayechechemea. Mimi nimeacha gia kwenye D, kiyoyozi kinavuma, na kila lori liliposimama sikukanyaga breki. Nililizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, nikijiona dereva hodari kweli.

Sasa najua nilichokuwa nikikifanya. Kwenye otomatiki, injini na giaboksi zinaunganishwa na oili inayozungushwa ndani ya kitu kama bakuli mbili zilizotazamana. Injini ikizunguka na magurudumu yamesimama, nguvu yote hiyo inaishia kuwa joto ndani ya oili. Oili hiyo hupoozwa kwenye rejeta, na rejeta inataka upepo. Nyuma ya lori mlimani hakuna upepo. Foleni ya Mbezi hadi Ubungo mwezi wa pili ni hivyohivyo, ila polepole zaidi. Mafundi wana kipimo chao cha makadirio: oili ikishavuka kama nyuzi 80, kila nyuzi 10 za ziada hukata nusu ya umri wake.

Mshale wa joto ulikuwa katikati, nikautegemea. Kumbe ule ni wa maji ya injini, habari za giaboksi hauna.

Harufu ndiyo iliyoniambia: kama sufuria ya maharage iliyokaukiwa maji. Tulipofika juu niliwaambia abiria wanyooshe miguu, nikafungua boneti, nikachomoa stiki na kuifuta kwa karatasi ya chooni. Oili ilikuwa kahawia, imeungua. Niliitazama ile karatasi, nikaikunja, nikaitupa porini kabla mke wangu hajasogea. Nikazima gari, tukanywa soda.

Nililirudisha likiwa limeoshwa, tangi limejaa.

"Oili ulibadilisha, shem?"

"Nilibadilisha."

Mwezi wa tatu gari likaanza kuteleza: injini inapiga kelele, mwendo hauji. Fundi alimwaga oili, akaweka mpya. Wiki mbili baadaye gia zikapotea kabisa. Kuna imani mtaani kwamba ukibadilisha oili ya zamani unaiua giaboksi. Ukweli ni kwamba pleti za klachi zinakuwa zimeshaungua, na unga wake umo kwenye hiyo oili unayoimwaga. Lakini shemeji aliamini la mtaani, maana kwa hesabu yake oili ilikuwa ya miezi mitatu tu. Alimwita mzee wa watu mharibifu mbele ya vijana wake, akakataa kumlipa ufundi, akanunua giaboksi ya mtumba Gerezani na kuifungia kwingine. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeegemea mwembe, nimevaa vile viatu. Nikasema, "Mafundi wa siku hizi!"

Imenichukua mwaka na nusu kurudi pale. Nilimkuta amelala chini ya kipanya, miguu tu inaonekana. Nikayaeleza yote nikiiambia miguu. Akajivuta nje taratibu, akaketi.

"Pale juu ilikuwa na rangi gani?"

"Kahawia."

"Na gari ukalizima?"

"Nililizima."

Akatikisa kichwa. "Ungenipigia. Ningekwambia weka P, acha injini iungurume oili izunguke kwenye rejeta ipoe. Iringa ungeimwaga yote." Akainama kutafuta spana namba 14. "Pengine ingepona."

Nilimpa hela yake ya ufundi. Aliihesabu, akarudi chini ya kipanya.

Shemeji bado sijamwambia. Namwachia asome hapa.