Betri Chini ya Mtulinga

Miaka yangu ya uuguzi wa dharura Dar es Salaam imenijengea mazoea. Mgonjwa akiletwa moyo umesimama, mwenzangu anakandamiza kifua, nami nachana shati na kupapasa chini ya mtulinga, kushoto na kulia. Natafuta kovu fupi na kitu kigumu chini ya ngozi, kama kiberiti kilichofunikwa kwa shuka. Hiyo ndiyo betri ya moyo.

Zamani niliziona kwa nadra. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kazi mwaka 2015, wenye betri wamezidi kupita mikononi mwangu, na hofu imekuja nao.

Usiku mmoja mtoto wa mzee mmoja alinishika mkono: “Dada, msimpige shoti, baba ana betri!” Nilimwelewa. Lakini kwenye monita moyo wa mzee ulikuwa unatetemeka tu, hausukumi damu. Betri ya kuongeza mapigo haiwezi kutuliza mtetemo ule. Dawa yake ni mashine ya kushtua moyo, tena upesi. Betri ikiharibika hubadilishwa. Ubongo uliokosa damu haubadilishwi.

Yake ilikuwa upande wa kulia, pale pale pedi ya kwanza ya mashine inapokaa kwa kawaida. Nikabandika moja mbele, kushoto mwa kifua, nyingine mgongoni. Tumefunzwa pedi ikae zaidi ya sentimita 8 kutoka kwenye kifaa. Ikikaa juu yake, umeme unaweza kuvuruga mipangilio, au kufuata waya na kuunguza nyama ya moyo pale ncha inapogusa. Ila kutafuta nafasi kusicheleweshe shoti hata kidogo. “Sogeeni wote!” Nikabonyeza. Mapigo yakarudi, na baadaye mtaalamu akaipima betri kwa kompyuta yake, jambo lisilorukwa hata mgonjwa akiamka anaongea.

Wengine wana kifaa kinachotoa shoti chenyewe. Mwili ukiruka bila sisi kubonyeza, tunakipa sekunde 30 hadi 60 kimalize kazi. Kikishindwa, tunaendelea na yetu.

Ninyi wenye betri, tembeeni na kadi zake, na waonyesheni wa nyumbani ilipo. Nanyi ndugu, mtuambie mlangoni, kisha mtuachie tumshtue.