Mdomo wa mjomba umechongwa upya: je, nimeridhika?

Kazi za chumba cha habari zimembana mwenzenu. Ila juzi rafiki yangu anayepiga saksafoni kanisani kwao aliniuliza: "Hivi ukimpa fundi mdomo wa saksafoni auchonge upya, unaridhika kweli?" Nikamjibu "ndiyo", nikaendelea na chai yangu. Usiku nikaona nimemdanganya nusu. Leo acha nimjibu vizuri.

Kwa msiojua habari za vyombo, saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, akapata hataza yake Ufaransa mwaka 1846. Lile bomba la shaba ndilo mnaloliona jukwaani, lakini sauti haianzii pale. Inaanzia kwenye kipande kidogo cha juu ambacho mpulizaji anakitia kinywani, ndicho tunachokiita mdomo. Mingi inatengenezwa kwa mpira mgumu uliopikwa na salfa. Chini yake inafungwa ridi, yaani kipande chembamba cha mwanzi. Ukipuliza, ridi inatetemeka ikifungua na kufunga nafasi iliyopo kwenye ncha.

Nafasi hiyo ni ndogo mno. Kwa saksafoni ya tenori ni kama milimita 2 na ushee. Kutoka kwenye ncha, kingo mbili za mdomo zinarudi nyuma kwa mpindo wa taratibu mpaka kwenye sehemu bapa inayoitwa meza, ambako ridi inalala. Kingo hizo zisipolingana, ridi inafunga upande mmoja kabla ya mwingine, na chombo kinapiga yowe kama kuku aliyekanyagwa.

Sasa turudi kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipiga tenori kwenye bendi ya dansi ya shirika moja la umma tangu mwishoni mwa miaka ya 70. Saksafoni ilikuwa mali ya shirika. Mdomo ulikuwa mali yake. Aliununua kwa mwanamuziki aliyetoka Zaire, enzi zile wapulizaji wote walikuwa wakimtaja Verckys wa Kinshasa. Sebuleni kwa bibi kuna picha yake yuko jukwaani, suruali pana, macho yamefumbwa, na mdomo wa saksafoni ameuweka pembeni mwa kinywa kama mzee anayevuta kiko. Sisi watoto tulidhani ni mikogo. Tuliiga kwa kutumia vijiti vya muhogo.

Meno yake ya mbele yalipokwisha, aliniita akanipa ule mdomo ukiwa umefungwa kwenye soksi. Akasema: "Mimi basi. Wewe endelea."

Jamani, nilihangaika nao miaka mitatu. Noti za chini zilikuwa zinatetemeka, zikikataa kabisa kutoka kwa sauti ndogo. Katikati ya wimbo, yowe. Nilibadilisha ridi, nikabadilisha kibanio, nikajilaumu. Kuna harusi moja pale Sinza niliharibu kuingia kwa bibi harusi, watu wakageuka wote kuniangalia mimi badala ya yeye. Sijasahau.

Mwaka 2019 nikapata mafunzo ya uandishi ya wiki sita London. Nikaubeba. Nikampata fundi ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuchonga midomo ya saksafoni na klarineti. Karakana yake ni ndogo kuliko kibanda cha M-Pesa. Akaulaza mdomo juu ya kioo chenye mistari, akaingiza bamba za chuma nyembamba, zilezile ambazo mafundi wetu wa magari wanapimia nafasi za valvu. Akaandika kila kipimo kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Bamba nyembamba kabisa iliingia milimita 25 upande wa kulia, na 22.5 upande wa kushoto. Ncha ilikuwa wazi milimita 2.8.

Akaniambia nifikirie kwanza, maana kinachotolewa na msasa hakirudishiki. Nikamwambia sina cha kufikiria, chonga.

Akaweka msasa laini juu ya kioo kinene, akasugua meza kwanza mpaka ikawa bapa, kisha kingo, akipima kila baada ya misuguo michache. Harufu ya salfa ikajaa chumbani, kama kiberiti. Mwishowe kingo zote mbili zikasoma 24, na ncha ikashuka hadi 2.6. Akafunga ridi, akaziba tundu la nyuma kwa kiganja, akanyonya hewa, akautoa kinywani. Ridi ilibaki imeng'ang'ania sekunde chache, ndipo ikaachia kwa mlio wa "pa!" Akatabasamu. Nikalipa pauni 70, nikapewa na ile karatasi ya vipimo.

Kwa upande wa chombo, sina la kulalamika hata moja. Noti ya chini kabisa inatoka kwa mnong'ono. Yowe limekwisha. Ningepewa tena ile harusi ya Sinza, ningeipiga bila jasho.

Niliporudi Dar nikaenda kwa mjomba na saksafoni begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Haya, piga nisikie."

Nikapiga wimbo wa bendi yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono nimpe mdomo. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha.

"Huu si ule."

"Ndio huohuo, mjomba. Nimeuchongesha."

"Hapa kulia palikuwa na bonde."

"Fundi amelitoa. Lilikuwa kosa."

"Kosa la nani?"

Nikanyamaza.

"Bonde hilo nililichimba mimi."

Akanihadithia. Ilikuwa mwaka 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni yenyewe watu walipanga foleni, nani angewaza kuagiza ridi? Ridi moja aliitumia miezi mpaka ikalegea kama karatasi iliyoloa, na ridi ikilegea inalala kwenye ncha na kuziba hewa. Dawa ni kuipanua ncha. Basi usiku mmoja, kwa taa ya koroboi, akachukua msasa na kipande cha kioo cha dirisha, akasugua. Mkono wa kulia ukazidi nguvu. Kesho yake akajaribu, ikapiga, akaacha hivyohivyo. Kinywa chenyewe kikatafuta pa kukaa.

Pembeni. Kumbe ile picha ya sebuleni haikuwa mikogo.

Wadau, mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nawauliza mawaziri, nawauliza makonda. Kila siku mhariri wangu ananirudishia habari akisema hujasikiliza upande wa pili. Miaka mitatu nimekuwa na kitu cha mtu aliye hai, anayekaa mwendo wa daladala moja kutoka kwangu, na sikumwuliza kwa nini kiko hivyo. Nilivuka bahari kwenda kumlipa mgeni akisawazishe.

Nilimwomba radhi. Akacheka bila meno: "Mjomba, wewe unanunua ridi boksi zima. Bonde la nini tena? Limefanya kazi yake."

Kisha akauliza kama fundi aliacha chochote. Nikamwonyesha ile karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: kulia 25, kushoto 22.5. Akarudia. Akasema hakuwahi kujua alizidisha kiasi gani.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa kanisani, jibu langu ni hili. Kazi ya fundi nimeridhika nayo. Kama mdomo umeununua dukani na unapiga yowe, peleka bila wasiwasi, ila akuandikie vipimo vya zamani kabla hajashika msasa. Kama umepewa na mtu, na yuko hai, pitia kwake kwanza.

Karatasi nilitaka kuondoka nayo. Mjomba alikuwa ameshaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Sikumdai.