Mwana Aliyepewa Kiti bila Ufunguo



Wapendwa waamini, tunaposoma Injili ya Mwana Mpotevu (Lk 15:11-32) tumezoea kumhurumia mdogo aliyeondoka na kumlaumu kaka aliyebaki nyumbani. Leo tumtazame aliyebaki, kupitia maisha ya mtu aliyekaa katika nyumba ya baba yake mpaka kufa: Edsel Ford, mtoto wa pekee wa Henry Ford, mwenye viwanda vya magari huko Detroit, Marekani.

Edsel alizaliwa mwaka 1893, miaka 10 kabla ya kampuni kuundwa. Hakwenda chuo kikuu. Kiwanda ndicho kilichomlea. Mwaka 1919, akiwa na miaka 25, alikuwa rais wa kampuni, na familia ilipozinunua hisa za wabia wengine wote, yeye alimiliki karibu asilimia 42. Kwa maandishi alikuwa bwana. Kiwandani, hata hivyo, kila mtu alijua amri zinatoka kwa nani.

Wanaosimulia maisha yake hutaja matanuri ya makaa ya mawe aliyoagiza yajengwe katika kiwanda cha Rouge. Mzee hakupinga. Aliacha yajengwe mpaka yakamilike, kisha akaamuru yabomolewe. Tukiri kwamba tumelisoma tukio hili mara kadhaa, na kila mara limetuchoma moyo. Kumkatalia mwana ni haki ya baba. Kumwacha ajenge ili umbomolee mbele ya watu ni jambo jingine kabisa.

Yalikuwapo pia mambo makubwa zaidi. Edsel aliona mapema kwamba gari la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, limepitwa na wakati. Mwanyumba wake, Ernest Kanzler, alimwandikia mzee barua ya heshima Januari 1926 akieleza hivyo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefukuzwa kazi. Mwezi Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15, mzee alilazimika kusimamisha utengenezaji wake na kufunga viwanda kwa miezi kadhaa. Model A lilipotoka Desemba mwaka huo, watu walilisifu kwa umbo lake zuri, na umbo hilo lilikuwa kazi ya Edsel.

Hakuwa mtu dhaifu, kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1932 alimgharimia Diego Rivera, mchoraji kutoka Meksiko, apake picha kubwa katika kuta za jumba la sanaa la Detroit. Mojawapo humwonyesha mtoto akichanjwa, daktari na muuguzi wakiwa kando, na mbele yao ng'ombe, farasi na kondoo. Baadhi ya viongozi wa dini, wakiwamo wa Kanisa letu, waliona hapo dhihaka juu ya Familia Takatifu, wakataka zifutwe. Edsel alizitetea kwa utulivu, nazo zipo hadi leo. (Sisi huona humo heshima kuliko dhihaka, lakini kila mtu na macho yake.) Basi mtu huyu aliweza kusimama mbele ya mji mzima, mbele ya baba yake alinyamaza.

Je, hiyo ndiyo Amri ya Nne? Wengi katika familia zetu hujibu ndiyo. Mzee huandika jina la mwanawe kwenye kibao cha duka, na ufunguo wa kasha hubaki mfukoni mwake. Mwana akihoji, huitwa mkaidi. Lakini Mtakatifu Paulo, akiisha kuwataka watoto watii, huwageukia mara moja akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao (Ef 6:4). Nusu hiyo ya pili haihubiriwi sana.

Charles Sorensen, msimamizi wa uzalishaji, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mwezi Aprili 1943 mzee alimpigia simu na kumpa orodha ya mambo ambayo Edsel alipaswa kuyarekebisha, likiwamo kupata afya kwa kushirikiana na baba yake. Edsel alikuwa na saratani ya tumbo. Alifariki tarehe 26 Mei mwaka huo, akiwa na miaka 49.

Mzee, aliyekaribia miaka 80, alirudi kwenye kiti. Mjane, Eleanor, hakukubali yaliyompata mumewe yampate na mwanawe. Alitishia kuuza hisa zake. Septemba 1945 urais ulikabidhiwa kwa mjukuu, Henry wa Pili, mwenye miaka 28, ambaye mwaka 1940 alikuwa amepokelewa katika Kanisa Katoliki baada ya kufundishwa na Monsinyori Fulton Sheen. Kijana alitoa sharti moja: awe huru kubadilisha lolote aonalo vema. Mzee alikasirika, kisha akakubali.