Saa Nne Mpaka Saa Sita

Mwezi wa 12 Moshi hugeuka mji mwingine. Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Nairobi hupanda nyumbani kula Krismasi, na barabara za Marangu, Machame, Kibosho na Rombo hujaa magari yenye vumbi la safari. Mwaka 2019 hata treni ya abiria ilirudi kutoka Dar, baada ya miaka zaidi ya 20 bila abiria kwenye reli ile. Mchana watu wako migombani wanachinja mbuzi na kupokezana mbege. Usiku wanashuka mjini kutafuta muziki. Kwa mwenye klabu, wiki mbili hizo ndizo mavuno ya mwaka.

Ndiyo maana nilipata nafasi. Ma-DJ wote wenye jina walikuwa wameshachukuliwa na harusi na sherehe za ukoo. Mwenye klabu moja ya mjini alitaka mtu wa kufungua usiku wa Ijumaa, tarehe 27, saa nne mpaka saa sita, kabla DJ mkubwa kutoka Dar hajapanda. Malipo shilingi 30,000 na soda mbili.

Mimi nilikuwa mtu wa kuingiza nyimbo. Wenye umri wangu wanaijua kazi hiyo: kibanda, kompyuta ya mezani, spika mbili zinazoangalia barabara, na karatasi ukutani inayosema tunaingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Chetu kilikuwa Majengo. Wimbo mmoja shilingi 100, ukijaza kadi nzima tunapatana. Nilikaa pale miaka minne, na kazi ile inakufundisha watu kwa namna ambayo hakuna shule inafundisha. Kijana wa bodaboda anataka singeli, lakini kabla hajaondoka atanong'ona umwekee na nyimbo tatu za mapenzi. Mama muuza ndizi anataka kwaya za Kilutheri, na taarabu moja ambayo hataki shoga zake waijue. Kondakta wa daladala anataka Weusi, kwa sababu Joh Makini na wenzake ni watu wa Arusha na huku Kaskazini tunawahesabu ni wetu. Mzee mstaafu anataka Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe, halafu anabaki kukusimulia alimcheza nani na wapi.

Lakini kibanda kilikuwa kinakufa. Simu janja zilishuka bei, bando likashuka bei, na wateja wakaanza kujipakulia wenyewe. Tajiri wangu alishaniambia kwamba mwisho wa Januari anakigeuza kiwe cha miamala ya pesa, na kazi hiyo angempa mpwa wake. Kwa hiyo zile saa mbili za Ijumaa zilikuwa na uzito kuliko shilingi 30,000.

Kuchanganya nyimbo nilijifunza palepale kibandani, kwa programu ya Virtual DJ, saa za mchana ambazo hakuna mteja. Rafiki yangu mmoja anayepiga muziki kwenye harusi akawa ananiazima mashine yake Jumapili jioni. Yeye ndiye aliyenipa adabu ya mtu anayefungua usiku. Usipige nyimbo kubwa, hizo ni za mwenye usiku wake. Usipandishe kasi mapema, maana watu bado wanatafuta viti. Kazi yako ni kuwafanya wasahau kwamba wamefika mapema.

Siku moja kabla, mwenye klabu aliniita. Aliniuliza nakaa wapi, nikamwambia. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Sikiliza dogo. Hapa watu wa meza ndio wanaolipa mshahara wa kila mtu, wametoka Dar na hela zao. Usiniletee nyimbo za Majengo."

Alikuwa na maana ya singeli. Nilimwelewa, na sikumjibu. Muziki ule umezaliwa uswahilini kwa Dar, Manzese, Tandale, Mburahati, ukitokana na mchiriku na ala za taarabu zilizokimbizwa kasi kwenye vigodoro. Mapigo yake yanaanzia 200 kwa dakika na yanaweza kufika 300. Kwa mtu wa meza, ni kelele za watoto wa mtaani. Lakini mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilishatoa albamu ya *Sounds of Sisso*, na wasanii wa singeli walishaanza kupanda ndege kwenda kwenye matamasha ya Ulaya. Kumbe Mzungu alikuwa analipa kiingilio kusikiliza kitu ambacho kwetu ni aibu kukipiga mbele ya wageni.

Saa nne juu ya alama nilianza. Ukumbini walikuwepo wahudumu, baunsa, na wanaume wawili waliokuwa wanaangalia simu zao. Nilipiga zilipendwa za dansi, taratibu, sauti chini. Mikono ilikuwa ya baridi mpaka nikaifuta kwenye suruali kila baada ya wimbo. Saa tano meza zikaanza kujaa. Nikaingia kwenye rumba ya Kongo, kisha Bongo Fleva ya kubembeleza, kasi ikipanda pole pole, mapigo mawili, matatu, mtu asijue. Saa tano na nusu mama mmoja mwenye gauni la kitenge alisimama peke yake akacheza bila kumwangalia mtu. Nikajua usiku umeshika.

Saa sita kasoro dakika tano mwenye klabu alikuja nyuma ya mashine, simu sikioni. Gari la DJ lilikuwa limekufa Korogwe. Aliniangalia kama mtu anayeangalia jiko la pili baada ya gesi kuisha.

"Una nyimbo za kutosha?"

"Ninazo."

"Endelea. Na nilichokwambia jana, kumbuka."

Nyimbo ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutosha. Nilikuwa nimebeba diski ya kibanda nzima, miaka minne ya watu kuniagiza wanachokipenda. Niliangalia meza nikafanya hesabu: wengi pale walikuwa na miaka 30 na kitu, walikuwa sekondari kati ya 2001 na 2005. Nikawapa Profesa Jay, Juma Nature, TID, Mr. Nice. Wanaume wenye vitambi walisimama wakapiga kelele kama wanafunzi wa bweni siku ya kufunga shule. Nikawapa Weusi, ukumbi ukaimba wenyewe. Chupa zikaagizwa.

Lakini ukutani, karibu na mlango wa vyoo, kulikuwa na kundi jingine. Niliwafahamu nusu yao kwa sura. Vijana wa Majengo, wa Pasua, wa Njoro, waliolipa kiingilio kama kila mtu na kununua bia moja ya kushika mpaka asubuhi. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima tu. Mmoja wao nilimjazia kadi yake Jumatano ile. Alikuwa ananiangalia, bila kuomba kitu. Hilo ndilo lilinisumbua. Angeomba ningeweza kukataa.

Kuna siri ndogo ya hesabu ambayo kila anayechanganya nyimbo huigundua. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unalala vizuri chini ya singeli ya mapigo 200, kwa sababu kila pigo la mmoja linabeba mawili ya mwingine. Anayecheza taratibu anaendelea taratibu. Anayetaka kukimbia anakimbia. Wote wako ndani ya muziki mmoja.

Saa saba na nusu nilipandisha singeli chini ya wimbo uliokuwa umejaza ukumbi, sauti ndogo kwanza, vinanda tu. Meza hawakushtuka. Ukutani walishtuka. Yule kijana aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Nilipoondoa wimbo wa juu, kundi zima lilishaingia katikati, na mama wa kitenge alikuwa ameshafungwa duara, anaonyeshwa, anacheka, anaonyesha na yeye.

Mwenye klabu alikuja haraka. Alifungua mdomo, akageuka akaangalia kaunta. Watu wanaocheza singeli hutoka jasho, na wenye jasho hunywa.

"Mbili tu," akasema.

Nikapiga tano.

DJ wa Dar alifika saa tisa, macho mekundu, mpole kuliko nilivyotarajia. Alinishika bega, akachomeka diski yake, akachukua maiki akawasalimu watu wa Moshi. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa singeli. Meza zote zikasimama na kushangilia, maana sasa ilikuwa imetoka Dar.

Nilikaa pembeni na soda yangu ya pili nikimsikiliza mpaka klabu ilipofungwa. Mwenye klabu alinihesabia 40,000 badala ya 30,000, akaniambia mkesha wa mwaka mpya nije saa mbili. Kuhusu singeli hakusema neno, na mimi sikumkumbusha.

Nilirudi Majengo kwa miguu. Adhana ilikuwa imeshaisha, na Kibo ilikuwa wazi juu ya mabati, nyeupe, kabla mawingu hayajaifunika. Mama alikuwa uani anakaanga maandazi ya biashara.

"Wamecheza?" akauliza.

"Wamecheza."

"Hata wale wa meza?"

"Hata wale, mama."

Akageuza maandazi, akanikabidhi moja la moto kwenye gazeti. "Basi kalale kidogo," akasema. "Saa tatu una watu wa kuingiza nyimbo."