Ng'ombe Akivunjika Guu

Wahenga walinena kuwa ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Hawakusema zizi limfanyie nini akishafika. Je, limtibu? Limpe majani na kumwacha apumzike? Au limrudishe malishoni kesho yake kwa sababu zamani ndiye aliyekuwa fahali wa kuongoza kundi? Swali hilo ndilo lililoikabili kamati ya timu moja ya kandanda huko Ngoliba, alasiri ya Jumapili moja, ilipoketi chini ya mti kando ya uwanja ili kuamua kama imsajili tena mshambuliaji wake wa zamani au imwache.

Ngoliba iko mashariki ya mji wa Thika, upande wa barabara kuu iendayo Garissa. Msafiri atokaye mjini huyapita mashamba ya mananasi, akauona mlima wa Kilimambogo ukijitokeza upande wake wa kulia, kisha akahisi nchi ikibadilika: mvua hupungua, vumbi huongezeka, na mkulima huanza kuyategemea maji ya mto kuliko mawingu. Wakati wa kiangazi viwanja vya huko huwa vigumu mithili ya sakafu ya saruji. Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye goti bovu.

Mtu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 35. Vijana wote walimwita Kapteni, ijapokuwa kitambaa cha unahodha kilikuwa kimeshahamia mkono mwingine. Yeye ndiye aliyefunga bao lililoipandisha timu daraja, bao ambalo wazee wa pale hulisimulia kila mmoja kwa namna yake, na kila mmoja huapa kuwa alikuwa amesimama nyuma ya lango. Baadaye alichukuliwa na klabu moja ya mjini. Huko goti lake la kulia likapinda vibaya. Akapumzika, akarudi, akaumia msuli wa nyuma ya paja. Akapumzika tena, akarudi, goti likafura upya. Msimu uliopita alikuwa amerejea Ngoliba, na mechi alizozicheza mpaka mwisho zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika mojawapo ya mechi hizo, hata hivyo, alifunga mabao mawili ambayo hakuna kijana yeyote wa timu ile angeweza kuyafunga. Ndiyo maana mjadala ulikuwa mgumu. Lau angekuwa amekwisha kabisa, kusingekuwa na haja ya kikao.

Mweka hazina ndiye aliyeanza. Alifungua daftari lake, akalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana Kapteni alikuwa ameketi juu ya jiwe hatua chache tu kutoka hapo.

"Kapteni, uniwie radhi," alisema. "Kila jina kwenye orodha hii ni nauli ya matatu, ni chakula, ni ada ya usajili. Pesa zenyewe ni za mchango. Tukiandika jina la mtu atakayekaa nje nusu ya msimu, tumeandika hasara kwa mkono wetu."

Nahodha mpya, kijana aliyefunzwa kupiga mpira na Kapteni huyo huyo, aliinuka kabla ya mweka hazina kuketi. Alikumbusha kikao kwamba chanda chema huvikwa pete. Aliuliza ni nani aliyewalipia vijana nauli siku mchango ulipokosekana. Aliuliza ni nani aliyeuza kreti zake za nyanya ili timu ipate mpira mpya. "Leo mguu wake umechoka, ndiyo tumwone kuwa hasara?" Wengi walipiga makofi. Mweka hazina naye alipiga makofi, kwani yote yaliyosemwa yalikuwa kweli.

Haikuchukua muda kabla ya jina la Dennis Oliech kutajwa. Katika Kenya ya leo ni vigumu kuzungumzia mchezaji mkongwe anayerejea zizini bila kumtaja. Oliech, aliyezaliwa mwaka 1985, alianza kung'aa akiwa Mathare United, akaenda Qatar angali kijana mbichi, kisha Ufaransa alikochezea Nantes, Auxerre na Ajaccio. Akiwa na Auxerre alishiriki Ligi ya Mabingwa ya Ulaya msimu wa 2010/2011, katika kundi moja na Real Madrid, AC Milan na Ajax. Harambee Stars aliifungia mabao 34. Mwezi Januari 2019, akielekea kutimiza miaka 34 na baada ya kukaa nje ya kandanda ya ushindani kwa muda mrefu, alitia sahihi mkataba wa miaka miwili na Gor Mahia. Mashabiki walifurahi kama waliorudishiwa ndugu aliyepotea. Alifunga mabao kadhaa, majeraha yakamweka nje, na Gor ikatwaa ubingwa wa ligi msimu huo. Hata hivyo, mkataba wenyewe haukumaliza mwaka. Alipotangaza nia ya kuwania ubunge wa Kibra mwaka huo huo, uhusiano wake na klabu ulivunjika, wakaachana kwa ugomvi.

Chini ya mti ule kisa hicho kilitumiwa na pande zote mbili. Waliompinga Kapteni walisema, "Mnaona mwisho wake?" Waliomtetea walisema, "Lakini alifunga, na kombe likaja!" Kila upande ulikuwa na haki, na hapo ndipo penye funzo ambalo hakuna upande uliolitaja. Klabu imsajilipo mchezaji wa aina hiyo hununua vitu vingi kwa sahihi moja. Hununua mabao, hununua jina, hununua furaha ya mashabiki, na zaidi ya hayo hulipa shukrani ya taifa zima. Mkataba, kwa upande wake, haujui shukrani. Mkataba hujua tarehe, mshahara na wajibu. Mambo yakienda mrama, kila mmoja hudai kile alichodhani amekinunua, na aliyekuwa shujaa hugeuka kuwa mshtakiwa.

Fauka ya hayo, mwili nao una sheria zake zisizojali heshima ya mtu. Wataalamu wa tiba ya michezo wanakubaliana kuwa jeraha la zamani ni mojawapo ya dalili kubwa za jeraha lijalo. Msuli wa paja uliowahi kuchanika una hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena. Gegedu la goti hupata damu kidogo mno, hivyo likiharibika hupona kwa shida au lisipone kabisa. Kasi ya kukimbia nayo hupungua mtu akishavuka miaka 30, hata akifanya mazoezi kwa bidii ya mchwa. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kinachobaki, na pengine kukua, ni akili ya mchezo: kujua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, na kujua beki anaogopa nini. Kwa hiyo mchezaji mkongwe si yule wa zamani aliyepungua, bali ni mchezaji mwingine. Timu inayomsajili ikitarajia yule wa zamani hujidanganya, nayo humdanganya.

Mfano wa Roger Milla wa Kamerun unalidhihirisha jambo hili. Mwaka 1990, akiwa na miaka 38 na akichezea klabu ndogo katika kisiwa cha Réunion, alirudishwa kwenye timu ya taifa baada ya Rais Paul Biya kuingilia kati. Huko Italia hakuanza mechi hata moja. Aliingia kama mchezaji wa akiba, mabeki wakiwa wamechoka, akafunga mabao manne, na Kamerun ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Miaka minne baadaye huko Marekani, akiwa na miaka 42, aliingia tena na kuifunga Urusi, akaweka rekodi ya mfungaji mwenye umri mkubwa zaidi katika mashindano hayo. Watu huikumbuka rekodi. Wachache hukumbuka kwamba siku hiyo Kamerun ilifungwa mabao 6 kwa 1 na kurudi nyumbani. Si kwamba Milla ndiye aliyesababisha kipigo hicho. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza mguu wake mkongwe uliifaa timu, na mara ya pili uliifaa historia zaidi.

Waliokuwa Ngoliba hawakuwa na historia ya kuandika. Walikuwa na orodha yenye nafasi moja iliyobaki, na kijana wa miaka 19 aliyesimama mbali kidogo, mikono nyuma, akijifanya hasikii. Nafasi hiyo ilikuwa yake ikiwa haingekuwa ya Kapteni. Hakuwa na bao la kusimuliwa. Hakuwa hata na njumu zake mwenyewe. Za kuchezea alikuwa ameziazima. Hakuna aliyeinuka kumsemea, kwa kuwa hakuna aliyewiwa chochote naye.

Hapo mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye hadi wakati huo alikuwa akichora mistari mavumbini kwa fimbo yake, aliomba nafasi ya kusema.

"Waungwana, nasikia maneno mawili yakizungumzwa kana kwamba ni neno moja. Mweka hazina anauliza Kapteni atatufaa nini msimu ujao. Nahodha anauliza tuna deni gani kwa Kapteni. Hayo ni maswali mawili. Tukilijibu la pili kwa jezi, tutakuwa tumelipa deni letu kwa mali ya mtoto wa watu." Akaielekeza fimbo kwa kijana yule, ambaye aliinamisha kichwa.

Maneno ya Mwalimu yaligusa donda ambalo liko katika viwanja vingi vya mashinani. Timu ya kijiji haina pensheni. Haina bima, haina ofisi ya kumpa mkongwe wake, wala haina sherehe ya kumuaga. Kitu pekee iliyo nacho cha kumpa mtu ni nambari mgongoni. Ndiyo maana mchezaji aliyechoka huomba jezi hata pale anapotaka kitu kingine: kutibiwa, kusikilizwa, kuwa na mahali pa kwenda Jumapili saa tisa alasiri. Nayo kamati humpa jezi, au humnyima jezi, ikidhani kuwa imelimaliza neno. Akipewa, goti lake huenda likaharibika kabisa. Akinyimwa, huondoka akiamini kuwa miaka yake yote haikuwa kitu.

Mwalimu alipendekeza kura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya deni. Je, timu iandae mchango wa kumpeleka Kapteni Thika, goti lipigwe picha na apate mtaalamu wa kumwelekeza mazoezi ya viungo, awe atacheza ama asicheze? Mikono yote iliinuka, wa mweka hazina ukiwa wa kwanza. Aliandika jambo hilo daftarini papo hapo, na safari hii kalamu yake haikusita.

Kura ya pili ilikuwa ya nafasi ile moja. Mwalimu hakutaja jina la mtu. Aliuliza tu timu ilimhitaji mshambuliaji wa namna gani katika msimu mrefu, kwenye viwanja vikavu, pasipo daktari kando ya mstari. Kisha akawataka wanaotaka Kapteni asajiliwe wainue mikono.

Mikono iliyoinuka ilikuwa michache, na yote ilikuwa ya watu waliomtazama Kapteni kwanza kabla ya kuiinua. Nahodha aliuinua wake, akaushusha, akauinua tena. Mkono wa Kapteni mwenyewe ulibaki umeshika goti lake.

Mzee mmoja, shabiki wa siku nyingi, alisimama kwa hasira, akakung'uta suruali yake vumbi. "Leo mmemzika mtu akiwa hai," alisema, akaondoka zake. Hakuna aliyemjibu. Si haki kusema kuwa alikosea kabisa. Mtu aliyecheza tangu utotoni huacha sehemu ya nafsi yake uwanjani siku anapovua njumu, na hakuna kura iwezayo kumrudishia.

Kapteni alinyamaza kwa muda. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Nilijua tangu msimu uliopita," alisema. "Ila nilihofia kwamba nikilisema mimi, mtaniona nimewatoroka."

Aliinuka kwa kujikokota kidogo, akamwendea kijana yule wa njumu za kuazima. Akamuuliza anavaa namba ngapi. Kijana alipomwambia, Kapteni alicheka, akasema miguu yao inalingana, aje nyumbani jioni achukue zake. Kisha akauomba mpira. Alimsimamisha kijana akiwa ameyapa mabao kisogo, akamwonyesha jinsi ya kumsikiliza beki kwa mgongo, na upande wa kugeukia anapomhisi ameegemea. Walirudia mara nyingi, huku wanakamati wakikunja viti. Kila mara Kapteni aliupeleka mpira kwa mguu wa kushoto, ule mzima.