Mwalimu na Mtumbwi Wake

Kamanga ni kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza. Mtu akisimama gatini huona mji wa Mwanza ng'ambo, na vilima vyake vya mawe makubwa, na kivuko kikienda na kurudi mchana kutwa. Ziwa hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kadiri ya kilometa za mraba 68,800. Lakini halina kina kirefu kama Ziwa Tanganyika. Mahali pake pa chini kabisa ni yapata mita 80 tu. Upepo ukivuma maji huchafuka upesi, na mawimbi yake huwa mafupi yenye kusimama wima. Mawimbi ya namna hiyo ni mabaya kwa chombo kidogo.

Katika kijiji hicho aliishi mwalimu mmoja aliyependa sana kuvua. Hakuvua kwa kuuza, bali kwa kujifurahisha na kwa kitoweo cha nyumbani. Kila Jumamosi alitoka pamoja na mwana wa dada yake, kijana wa miaka 12, na kama ilivyo desturi waliitana "mjomba," huyu kwa yule.

Mwalimu alikuwa na maarifa mengi ya uvuvi, wala hakumnyima kijana. Alimfundisha kwamba sato hupenda maji haba yenye mchanga na majani, na kwamba huvuliwa kwa ndoana ndogo na chambo cha nyungunyungu. Alimwonyesha jinsi sato jike anavyoyaweka mayai yake kinywani mpaka yaangue, hata hali chakula siku zile. "Ukimpata naye ana mayai au watoto kinywani," alisema, "mrudishe majini taratibu, maana umeshika kijiji kizima." Sangara humtaka mtu mwenye mshipi mnene na subira, na chambo chake ni samaki mdogo kama furu. Samaki huyo si mwenyeji wa ziwa. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, akawala furu wa namna nyingi hata wengine hawaonekani tena. Huweza kupita kilo 100. Lakini sheria hukataza kuvua sangara mchanga asiyefika sentimeta 50, na sato asiyefika sentimeta 25. Basi mwalimu alichonga alama mbili juu ya kafi lake, na kila samaki alipimwa hapo kabla ya kutiwa kikapuni. Gogogo alimwogopa kidogo. Samaki huyo ana miiba mitatu migumu, naye akishikwa huisimamisha na kuikaza, na kidole kikichomwa huvimba siku mbili.

Kuhusu hali ya hewa alikuwa na kanuni yake. Mchana mvua za radi hupenda kuanguka nchi kavu, bali usiku na alfajiri hupenda kuanguka ziwani. Kwa hiyo hakuondoka gizani. Alingoja kupambazuke, akatazama mawingu kwanza, na ilipofika saa nne alikuwa amekwisha kurudi.

Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao za mvule, urefu wake mita 5, wenye mkuku na mataruma. Huo aliupenda kuliko baiskeli yake. Kila walipotoka ziwani waliuosha, wakafuta maji yote yaliyobaki chini, kwa kuwa maji yanayolala ndani huozesha mbao. Kila mwaka aliukwangua, akachungua misumari kama ina kutu, akatoa pamba kuukuu katika maungio, akatia mpya iliyopakwa mafuta, akaisindika kwa patasi butu na nyundo. Nchi ya Usukuma haikosi pamba. Kisha alipaka lami juu yake. Yapo mengi ya kusema juu ya kazi hiyo, lakini la kwanza ni kwamba mbao hunywa maji na kuvimba, na huko kuvimba ndiko kunakofunga maungio. Mtumbwi ukikaa juani muda mrefu mbao hunywea, na maungio huachana, hata kama pamba ni nzuri namna gani. Dawa yake ni kuuzamisha ukingoni, umejaa maji, siku mbili, kabla ya kwenda nao popote. Mwalimu alilijua jambo hilo vizuri, tena alilifundisha darasani.

Basi mwaka mmoja, wakati wa likizo ya Juni, mwalimu alisafiri, na mtumbwi ukakaa juu ya mchanga majuma 5 katika jua la kiangazi. Aliporudi ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa na hamu sana ya kuvua. Asubuhi ya Jumamosi kijana alikuja, akamwamkia:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Makafi yako wapi?"

"Haya hapa. Lakini, mjomba, mbao zimeachana. Jana nililala chini ya mtumbwi, nikaona mwanga ukipita."

Mwalimu alipita mkono wake juu ya mbao, akainuka. Alisema kwamba mwanga hupita hata mahali maji yasipopita, na kwamba mbao zitavimba njiani. Kijana alinyamaza. Si adabu kumbisha mkubwa. Tena naye alikuwa na lake alilolificha. Kopo la kufulia maji halikuwamo. Alimwazima mama yake anyweshee mchicha, akasahau kulirudisha, akaona haya kusema.

Walikwenda vizuri kitambo. Maji yaliingia kidogo kidogo karibu na mkuku, mwalimu akayatazama kama mtu asiyeyaona. Hata kivuko kikapita, na mawimbi yake yakaja. Chombo kidogo lazima kiyaelekee mawimbi ya kivuko kwa omo, wala kisiyapokee ubavuni. Nao walifanya hivyo. Lakini omo ulipopanda na kushuka mara tatu, pamba ilitoka katika ungio moja, urefu kama wa mkono, na maji yakabubujika.

"Kopo!" akasema mwalimu.

"Halimo, mjomba. Liko kwa mama."

Mwalimu hakumkaripia, hapakuwa na nafasi. Alivua kofia yake akampa kijana, akamwambia aketi katikati, chini kabisa, afue maji asipumzike. Jiwe la nanga alilitupa ziwani, na kikapu cha samaki vilevile. Akavua shati, akalipasua kwa kisu vipande virefu, akaanza kuvisindika katika ungio kwa ncha ya kisu. Maji yalikuwa yamefika juu ya vifundo vya miguu, na pwani ilikuwa mbali, yapata mita 800.

"Ukijaa usiuache," alisema huku akifanya kazi. "Mti hauzami kama jiwe. Tutaushika, wala tusijaribu kuogelea mpaka pwani."

Ndipo kijana alipomtazama, akasema kwa sauti ndogo: "Mjomba, mimi sijui kuogelea."

Miaka miwili walikuwa wakitoka pamoja kila Jumamosi. Mwalimu alikuwa amemwuliza majina ya samaki, na ya pepo, na ya sehemu zote za mtumbwi. Neno hili moja hakuliuliza. Aliona kuwa kijana amezaliwa ukingoni mwa maji, akadhani amezaliwa na kuogelea.

Vitambaa vilipunguza maji, havikuyazuia. Kijana alifua kwa kofia hata mikono ikamtetemeka, na mwalimu akapiga kafi. Kwa bahati njema wavuvi wa dagaa walikuwa wakirudi kutoka katika kazi yao ya usiku, taa zao zimezimwa. Waliwaona, wakageuza, wakampokea kijana chomboni mwao, wakaufunga mtumbwi kamba na kuuvuta mpaka penye matete. Mzee mmoja kati yao alimtazama mwalimu aliyesimama bila shati, akasema: "Mwalimu, shuleni waita majina kila asubuhi. Je, chombo chako hukukiita?"

Jioni mwalimu alikwenda kwa dada yake. Mama huyo alikuwa binti mdogo mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei, na watu kwa mamia wakafa. Tangu hapo hakulipenda ziwa. Mwalimu aliketi juu ya kigoda, akasimulia yote bila kupunguza. Kijana aliingia kati, akasema, "Mama, kopo nililisahau mimi."

"Kopo ni lake," akasema mwalimu, "lakini mbao ni zangu. Aliniambia, nami nikakataa kusikia. Mjomba, nisamehe." Kijana alitazama chini, asijue mtoto ajibu nini mkubwa akimwomba radhi.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba mtoto hatakanyaga mtumbwini mpaka ajue kuogelea, na mpaka kila mtu awe na jaketi lake la kuokolea. Mwalimu alikubali yote mawili. Majaketi aliyanunua Mwanza, moja kubwa na moja dogo. Kuogelea kulichukua miezi mitatu, maana haikufaa kufundisha mahali popote. Penye majani na maji yaliyotulia hukaa konokono waletao kichocho, na penye matete huenda mamba yumo. Walitafuta mahali peupe penye mchanga, wakaenda na watu wengine, na baadaye mwalimu alimpeleka kijana zahanati apimwe kichocho.

Katika miezi hiyo kazi ya kijana ilikuwa ya nchi kavu. Alikwangua mtumbwi wote, akatia pamba mpya kwa mkono wake mwenyewe, na mwalimu akampitishia nyuzi tu. Uliposhushwa waliuzamisha ukingoni siku mbili, na siku ya tatu kijana aliingia chini kwa chini akatafuta mwanga, asiuone.

Jumamosi iliyofuata walisimama mchangani kumepambazuka, na mama alikuwapo, amejifunga kanga, mikono nyuma. Mwalimu alitoa karatasi mfukoni akaanza kuita.

"Makafi!"

"Yapo."

"Nanga na kamba!"

"Zipo."

"Pamba, patasi na nyundo!"

"Zipo."

"Majaketi!"

"Tumeyavaa, mjomba."

"Kopo!"

"Lipo," akajibu kijana, "na la pili nimelifunga kwenye taruma."