Subira Si Kuinyamazia Dhuluma



Ndugu zangu, na hasa akina mama wasomaji wetu, sisi waalimu ni hodari wa kusimulia makosa ya watu wengine. Wiki hii nitasimulia langu.

Hapa Majengo, Pumwani, ninapoishi tangu nilipohama pwani, tunaye jirani mama mjane ambaye huamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza. Kwa muda wa miezi mingi aliweka akiba kidogo kidogo hadi zikatimia shilingi 24,000, akamnunulia bintiye kompyuta ya kupakata kwa ajili ya masomo ya chuo. Haikuwa mpya. Ilikuwa miongoni mwa zile zilizokwisha kutumika Ulaya, zikaletwa huku, zikasafishwa na kukarabatiwa, kisha zikauzwa tena. Mwenye duka alimhakikishia kwamba betri inakaa saa 5. Siku ya pili haikukaa hata nusu saa, na siku ya nne mashine ikawa inajizima yenyewe hata ikiwa kwenye umeme. Fundi wa mtaani aliitazama bila ya kuifungua, akasema betri imechakaa siku nyingi, na akamshauri airudishe kwa aliyemuuzia kabla mtu mwingine hajaigusa.

Alipoirudisha alionyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi akanijia baada ya sala ya Alasiri. Mwenye duka ni mtu wetu, na husimama nami safu moja msikitini. Nikaona haya kuingia baina yao. Nikamwambia, "Mama, subiri. Hiyo ni kadari, na riziki iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu."

Alinitazama kwa utulivu, akasema, "Maalim, mume wangu alipofariki nilisubiri. Lakini huu si msiba. Huyu ni mtu aliye na pesa zangu."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Mlango wa mauzo katika fiqhi niliusoma nikiwa kijana, na hadi leo nawafundisha wengine. Vipi basi nilimpa mjane yule nusu ya dini, nikamficha nusu ya pili?

Zamani walikuwako wachungaji wakiacha kumkama ngamia au kondoo kwa siku kadhaa ili kiwele kijae, na mnunuzi adhani amepata mnyama mwenye maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alilikataza jambo hilo. Akampa mnunuzi, baada ya kumkama mnyama, hiari ya kubaki naye akiridhika, au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyatumia. Tazameni uadilifu ulioje: mnunuzi hakuachwa na hasara yake, na muuzaji naye hakunyimwa thamani ya kilichotumika. Kompyuta iliyong'arishwa kwa nje na betri yake imekufa ni kiwele kilichojazwa siku ya soko.

Wanazuoni wameita haki hiyo khiyari ya ila, yaani hiari ya kurudisha kitu kwa sababu ya kasoro iliyokuwamo kabla ya kununuliwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akiigundua ila hukimbilia kurudisha wala haendelei kukitumia kitu, kwani kukitumia ni dalili ya kuridhia.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kuelezwa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 imemkataza muuzaji kukinadi kitu kilichokarabatiwa kana kwamba ni kipya, na kibao cha ukutani hakiwezi kuifuta haki iliyowekwa na sheria. Hata hivyo, kitu cha mtumba hakitarajiwi kuwa kama kipya. Ukielezwa kasoro yake ukakubali, umenunua kwa macho yako. Haki ni katika kile ulichofichwa.

Asubuhi yake nilifuatana na mama yule hadi dukani. Aliweka juu ya meza risiti na ujumbe wa M-Pesa. Mwenye duka akajitetea kwamba yeye hununua kwa jumla na hakuijua kasoro ile. Nikamjibu kwamba huenda kutojua kukamwondolea dhambi, lakini hakumwondolei wajibu, kwa kuwa ila ilikuwamo tangu mashine ikiwa mikononi mwake. Akanyamaza. Ndipo mama akasema kwa upole, "Mwanangu, sitaki ugomvi. Lakini usiponirudishia, nitakwenda Milimani."

Alikuwa amekwisha kuuliza, kumbe. Mahakama ya Madai Madogo ilifunguliwa Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisemea bila ya wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60.

Alirudishiwa shilingi 15,000 siku ile, na zilizobaki baada ya wiki mbili.

Akina mama, nawausia haya. Kabla ya kulipa, kiwasheni kitu na mkijaribu palepale dukani. Ombeni risiti yenye nambari ya mashine, na iandikwe kwamba imekarabatiwa, na dhamana yake ni ya muda gani. Aya ya deni katika Suratul Baqara imeturuhusu kutoandika biashara ya mkono kwa mkono, lakini imetuamrisha tushuhudishe tunapouziana, na risiti leo ni shahidi asiyesahau. Kasoro ikidhihiri, acheni kukitumia na mrudi upesi, msikipeleke kwanza kufunguliwa na fundi.

Nanyi wafanyabiashara, kumbukeni Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Betri iliyochoka nayo iwekwe juu, na bei ishuke ipasavyo.

Kile kibao bado kiko ukutani. Nilikiona juzi nikipita. Na mwenye duka bado husimama nami safu moja, na tunapeana salamu. Nilikuwa nikihofu kwamba kusema haki kutaivunja safu ile. Haikuvunjika. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa ile Alasiri niliyomwambia mwenye haki anyamaze.

Wabillahi tawfiq.